Vijiko vya Shirika

Mshahara wa meneja mkuu wa kiwanda chetu ulijulikana hata na akina mama waliouza maandazi getini. Haikuwa siri, wala haikuhitaji umbeya. Viwango vya mashirika yote ya umma vilipangwa Dar es Salaam na kamati iliyoitwa SCOPO, vikapigwa chapa na kusambazwa. Nakala yetu ilikaa katika droo ya baba yangu, karani wa mishahara, kingo zake zimelainika kwa vidole vya watu waliokuja kuhakikisha. Mtu akisema meneja anapata kiasi fulani, mwenzake alimsahihisha hadi shilingi ya mwisho.

Nasimulia Morogoro ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, upande wa Kihonda, ambako viwanda vya umma vilijengwa mfululizo. Kulikuwa na cha ngozi, cha magunia, cha turubai, na kile cha viatu kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilichokusudiwa kuwavisha Wazungu huko kwao na ambacho hakikuwahi hata kukaribia uwezo wake. Chetu kilisokota nyuzi na kufuma nguo. Jina lake nitaliacha. Waliokuwepo watajua, na asiyekuwepo hatapungukiwa kitu.

Tuliishi kota za kiwanda: vyumba viwili na sebule, bomba moja kwa nyumba nne, choo cha nje. King'ora kililia mara tatu kwa siku kubadili zamu, na mama zetu walipika kwa kukifuata hicho, maana saa ya ukutani ilikuwa ya watu wa ofisini. Ng'ambo ya mji Milima ya Uluguru ilionekana yote alfajiri. Ikifika saa nne imeshajifunika ukungu. Chini ya milima hiyo, mtaa wa Forest, ndiko ilikokuwa nyumba ya meneja mkuu, iliyojengwa zama za Waingereza, yenye veranda pana na miembe mikubwa.

Baba alikuwa muumini wa Azimio. Alipenda kunisimulia Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakadai wanaofaidi ni wakubwa wenye mishahara minono. Mwalimu Nyerere alikasirika, akawafukuza chuoni warudi makwao, lakini papo hapo akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kutoka shilingi 5,000 kwa mwezi hadi 4,000. Februari iliyofuata likaja Azimio la Arusha, likamkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni na nyumba za kupangisha. Baba alikuwa kijana wakati huo, na nadhani ndipo alipoamua kwamba kuandika mishahara ni kazi ya siasa. Mwaka 1977 Mwalimu alipolitazama tena Azimio miaka kumi baadaye, alieleza kwamba wakati wa uhuru mshahara wa juu kabisa serikalini, kodi ikishatolewa, ulikuwa kama mara 50 ya ule wa chini, na kwamba kufikia 1976 tofauti ilikuwa imeshuka hadi mara tisa hivi. Baba aliijua hesabu hiyo kwa moyo. Kima cha chini kilipopandishwa kuwa shilingi 600 mwaka 1981, aliipiga upya kwa penseli nyuma ya bahasha ya kaki, akatuonyesha kwamba pengo limezidi kuziba.

Mama hakuwa na bahasha. "Mara tisa," alimwambia, "na ile Peugeot umeigawanya kwa ngapi?"

Peugeot yenyewe ilikuwa 504 nyeupe yenye namba za SU, yaani shirika la umma. Dereva wake alikuwa jirani yetu ukuta kwa ukuta, mtu wa kwetu, nami nilimwita baba mdogo. Yeye ndiye aliyekuwa daftari la pili la kiwanda kile, ingawa hakuandika kitu. Asubuhi alimpeleka meneja kazini, akarudi Forest kuwachukua watoto kwenda shule, akampeleka mama meneja sokoni, akarudi kiwandani kupeleka barua benki, mchana akawarudisha wote kula. Mwisho wa wiki kulikuwa na mchele wa Dumila, nyanya na kabichi za Mgeta, msiba wa Kilosa, harusi ya Chang'ombe. Kwenye kitabu cha safari za gari safari zote hizo ziliandikwa kwa maneno mawili: kufuatilia vipuri. Baba mdogo alikuwa akisema kwamba kama vipuri vingekuwa vinafuatilika hivyo, mashine za kufuma zisingelala hata siku moja. Na zililala, tena kwa miezi, kwa sababu fedha za kigeni za kuagizia sindano na mikanda hazikuwepo.

Jumapili ndipo gari lile lilipoonekana vizuri zaidi. Kwa uhaba wa mafuta magari yalizuiwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, ila kwa kibali. Tukicheza mpira barabarani, barabara nzima yetu, mara Peugeot hiyo inapita taratibu, vioo vimepandishwa, kibali kimebandikwa mbele. Tuliipisha, tukaipigia makofi. Sijui tulishangilia nini.

Kisha kulikuwa na maji. Bomba letu likikauka, na lilikauka kila kiangazi, boza la kiwanda lilipanda Forest kwanza, halafu likagawa Kihonda kilichobaki. Kulikuwa na walinzi wawili wa zamu, mpishi na mtunza bustani, wote wakiwa kwenye orodha ya malipo ya Baba kama "vibarua wa usafi". Friji, jiko, vitanda, mapazia na makochi vilikuwa mali ya shirika. Meneja alikatwa kodi ya nyumba, sehemu ndogo tu ya mshahara, na Baba aliikata kila mwezi kwa uaminifu, mstari wa tatu kutoka juu.

Niseme wazi kwamba karibu yote hayo yalikuwa halali. Nyumba, fanicha, gari na posho ya safari vilikuwa stahili za cheo, vimeandikwa katika nyaraka zilezile zilizobana mshahara. Serikali ilikuwa imekaba shingo ya chupa, lakini chini chupa ilikuwa imetoboka, na waliokuwa ndani walipata njia. Mhandisi aliyesomea ng'ambo, ambaye angevuka mpaka na kulipwa maradufu, alibakizwa kwa vitu: nyumba, gari, mtumishi, na heshima ya kufunguliwa geti na mlinzi aliyekaza mguu. Wataalamu wa kigeni waliokuja na mashine walikuwa hadithi nyingine kabisa. Baba hakuwa na mstari wao. Walilipwa kwao, kwa fedha yao, na daftari letu liliwajua kwa posho ya chakula tu.

Ila utajiri hasa wa kiti kile haukuwa gari. Ulikuwa kalamu. Miaka hiyo sabuni, sukari na nguo vilipatikana kwa foleni katika maduka ya ushirika au kwa bei ya kuruka kwa walanguzi, na sisi tulikula unga wa njano wa msaada, tuliouita Yanga, hadi tukachoka kuutania. Kiwanda cha nguo katika nchi isiyo na nguo! Meneja akiandika kimemo, "Mpatie mleta barua hii doti tano," mleta barua alilipa bei ya kiwandani na kuondoka na kitu ambacho Mji Mpya kilikuwa na bei nyingine kabisa. Baba alipiga hesabu mara moja, kwa sauti ya chini, akasema kimemo kimoja kizuri kinazidi mshahara wa mwezi wa mtu anayekiandika. Vimemo vilikwenda kwa wakubwa wa mkoa, kwa mashemeji, kwa viongozi wa dini zote, kwa daktari, kwa mwalimu mkuu. Vilikuja pia kwetu. Mwisho wa mwaka kila mfanyakazi alipewa kipande, na Baba, kwa kuwa alikaa karibu na kalamu, alipata kipande kirefu kidogo. Sare zangu za shule zilitoka humo, na hakuna aliyezikataa, hata Mama.

Wazee wachache kiwandani walikuwa wamehamia kutoka Dar es Salaam, na walikumbuka migomo ya miaka ya 1971 hadi 1973, wakati Mwongozo wa TANU ulipokuwa mpya na wafanyakazi walitembea na kijitabu mfukoni kumsomea meneja kifungu cha 15, kinachomkataza kiongozi majivuno na uonevu. Mmoja wao, fundi wa mashine, alikuwa bado anacho. Lakini hata yeye aliposimama kwenye mkutano wa JUWATA, chama cha wafanyakazi, aliuliza kuhusu sabuni na buti za kazi. Kuhusu vimemo aliuliza jambo moja tu: kwa nini idara yake haikupata.

Machi 1983 Waziri Mkuu Sokoine alitangaza vita na wahujumu uchumi, na mji wetu ukaingiwa na hofu ambayo watoto waliifurahia, maana asubuhi mitaroni tuliokota vitu. Niliona mwenyewe jora la kitenge limetupwa nyuma ya reli, limelowa umande, na watu wazima wakipita mbali nalo. Wiki mbili vimemo vilikoma. Peugeot haikwenda Dumila. Meneja alikuja kazini na kuondoka bila kumtazama mtu, na ghala likahesabiwa usiku na mchana. Hakukamatwa, waliokamatwa walikuwa karani wa ghala na mfanyabiashara mmoja. Aprili 12 mwaka uliofuata Sokoine akafa ajalini Dakawa, kwenye barabara yetu ya Dodoma, na mji mzima ulilia, pamoja na wale waliotupa majora. Baba mdogo alisimamisha gari pembeni, akazima injini, akakaa humo hadi jioni. Kufikia mwaka wa tatu tangu vita ile nguo za mitumba zilikuwa zimeruhusiwa na zimejaa sokoni, na thamani ya kimemo ikaporomoka yenyewe, pasipo polisi.

Mameneja wa wakati ule waliondolewa na redio. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilisoma orodha: fulani anakuwa meneja mkuu wa kiwanda fulani, aliyekuwepo "atapangiwa kazi nyingine". Wetu alisikia pamoja na sisi. Kesho yake baba mdogo alifika kazini, akakuta funguo za gari zimewekwa mezani kwa afisa utawala, akakaa gereji siku nzima bila kujua sasa ni dereva wa nani.

Makabidhiano ya nyumba yalifanywa wakati wa likizo, na kwa kuwa mhasibu aliumwa, Baba alitumwa pamoja na mtunza ghala. Nilibeba daftari la mali. Ndiyo mara pekee niliyoingia ndani ya nyumba ile, na kilichonistaajabisha ni rangi nyekundu. Kila kitu kilikuwa na namba. Kochi limepinduliwa, namba chini yake. Friji limevutwa, namba mgongoni. Kitanda cha watoto, meza ya kulia, fremu ya kioo, ndoo. Mapazia yalipigwa muhuri kwenye pindo. Mtunza ghala alisoma, Baba akaweka tiki, na nyumba ikazidi kuwa tupu ingawa hakuna kilichotolewa. Sijawahi tena kuona familia inayoondoka ikiacha nyumba imejaa.

Walifika kwenye vijiko. Daftari lilisema vijiko vya chai 24. Mama meneja alileta sahani yenye 21. Akarudi jikoni, akapekua, akarudi na viwili. Kimoja kikakosekana. Mwanamke yule, ambaye mke wa mkuu wa mkoa alikuwa akimngoja sokoni, alisimama mbele ya karani akieleza habari za kijiko. Baba aliona aibu kuliko yeye. Akataka kuandika 24.

"Andika upotevu, Ndugu," meneja akasema kutoka verandani. Alikuwa ameketi juu ya sanduku lake, maana viti vilishahesabiwa. "Nitalipa. Wasije wakasema."

"Ni kijiko tu, Ndugu Meneja."

"Meneja ni huyo anayekuja." Alikaa kimya kidogo. "Miaka yote hii nimekaa nyumba za serikali na za mashirika. Azimio lilinikataza nyumba ya kupangisha. Mimi hata ya kulala sikujenga. Unajua vyangu humu ni vipi? Cherehani ya mama watoto, vitabu, redio, na kuku. Na banda la kuku ni waya wa kiwanda, kwa hiyo mtaniandikia nalo."

Banda liliandikwa. Kuku walifungwa miguu na kupakiwa kwenye lori la kukodi.

Nimelifikiria sana sanduku lile tangu nilipoanza mwenyewe kazi ya uhasibu. Watu wa kizazi changu hupenda kusema mameneja wale walikuwa wezi, wengine husema walikuwa wazalendo maskini. Nadhani walikuwa wapangaji. Mtu ambaye kitanda cha mwanawe ni cha ofisi hawezi kukataa simu ya mkubwa inayomwagiza ampatie mtu majora hamsini. Akikataa, anayepoteza kitanda ni mtoto. Ule usawa wa mshahara ambao Baba aliupenda, na ambao hata leo siudharau, ulimfanya mkuu wa kiwanda awe mtumwa wa kiti chake kuliko mfagizi, maana mfagizi angalau godoro lilikuwa lake.

Na kulikuwa na mtego mwingine ambao hakuna aliyeuona hadi baadaye. Mfuko wa pensheni wa mashirika ya umma, PPF, ulianzishwa kwa sheria ya 1978, na michango ilihesabiwa kwa mshahara. Gari halikuchangia. Nyumba haikuchangia, wala boza, wala mpishi. Miaka ya 1990 kiwanda kilipofungwa, kikingoja tume ya kurekebisha mashirika ya umma impate mnunuzi, yule meneja wetu wa zamani, sasa mzee, alikuja kwetu kwa miguu kutoka kituo cha mabasi Msamvu. Alihitaji uthibitisho wa miaka yake ya utumishi, na alikuwa amesikia kwamba karani alibaki na madaftari yake. Kweli Baba alikuwa nayo, yamefungwa kwa kitambaa cha kiwanda. Wakayapitia pamoja mezani, na mshahara uliokuwa ukisemwa getini kwa heshima ulisomeka sasa, baada ya shilingi kushushwa thamani mara kadhaa, kama bei ya kilo chache za nyama. Baba alimwandikia barua, akaisahihisha, akaiandika upya. Mama alipika wali. Mzee alikula vizuri, akamuulizia baba mdogo, na alipoambiwa kwamba naye anahangaikia mafao yake, akasema wataonana dirishani.

Siku hizi kazi yangu hunipitishia mikononi ripoti za mwaka za kampuni zilizo kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mambo yamegeuka. Marupurupu yamepewa bei: Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inasema gari la mwajiri lisilozidi miaka mitano, lenye injini ya zaidi ya cc 3,000, litahesabiwa kuwa pato la mfanyakazi la shilingi 1,500,000 kwa mwaka. Mama angeicheka bei hiyo, lakini angalau ni bei. Kilichofichwa sasa ni mshahara. Mwaka 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba hakuna mkuu wa taasisi ya umma atakayelipwa zaidi ya shilingi milioni 15 kwa mwezi, akisema wapo wanaopata milioni 40, watu wengi mtaani kwetu walishtushwa na milioni 40 kuliko walivyofurahishwa na 15. Hawakuwa wamewahi kutajiwa namba yoyote. Mimi nina maoni yangu kuhusu viwango vyenyewe, na nakubali kwamba mtu anayeendesha kiwanda kikubwa vizuri anastahili kulipwa sana. Ila sijaona hoja inayoniridhisha ya kwa nini mwuza maandazi wa mwaka 1982 alistahili kujua na wa leo hastahili.

Baba bado yu hai na bado anapenda karatasi. Alipokuja kunitembelea nilimpa ripoti moja, nikamwonyesha mstari wa malipo ya viongozi wakuu wa kampuni. Aliusoma, akageuza ukurasa, akageuza mwingine.

"Majina yako wapi?"

Nikamwambia hakuna majina, ni jumla ya wote: mishahara, bonasi, pensheni, kila kitu pamoja.

"Wako wangapi?"

Hiyo nayo haikuandikwa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaniuliza kima cha chini kiko ukurasa gani ili agawanye. Tukatafuta pamoja, hadi kurasa za mwisho za majedwali. Hakikuwemo.